Kastamu Hakumrukia Bibi

Itiryo, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mgongo unaendeleaje? Na mahindi ya bondeni, mvua imeyafikia? Mimi mwanao ni mzima, nakula, nalala. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanijibu "ehe, ehe" na hata nusu husikii. Dada Neema akusomee polepole, maana kuna jambo nimeliona huku na mpaka sasa halijanitoka kichwani.

Unajua niliacha machimbo ya dhahabu baada ya shimo letu kujaa maji. Sasa nachunga ng'ombe wa Mzee Marwa. Familia yake ni watu wa maneno makali, lakini hawajawahi kula bila kuniita. Wana mbwa, dume kubwa jekundu, anaitwa Kastamu, kwa kuwa aliokotwa mpakani Sirari akiwa mdogo, na kwa kuwa hapiti mtu bila yeye kumkagua. Ukaguzi wenyewe ni kukurukia kifuani kwa miguu miwili. Siku ya kwanza aliniangusha kwenye kinyesi cha ng'ombe, boma zima likacheka.

Aliyemlea ni Bibi Robi, mama yake Mzee Marwa. Bibi aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga, akalazwa hospitali muda mrefu. Tulipoambiwa anarudi, Mzee Marwa akaniita.

"Mura," ndivyo wanavyomwita kijana huku, "huyu mbwa anampenda mama kupita kiasi. Akimrukia, ule mfupa umekwisha. Mfundishe. Akishindwa, mimi nammaliza kabla mama hajafika."

Nilichanganyikiwa, mama. Nampenda yule mbwa.

Bwana mifugo alinipa njia: mbwa anaruka kwa kuwa anataka kusalimiwa. Akiruka, mgeuzie mgongo, usimtazame wala kumsemesha. Akikaa chini, hapo ndipo umsalimie. Shida ikawa fimbo. Mwanaume wa huku hatoki bila fimbo, na Kastamu akiona fimbo anadhani ni mchezo, anapandwa na wazimu. Nikaomba kila anayeingia aiache nje ya ua. Mzee Marwa alinitazama mpaka nikajuta kusema.

"Mimi niache fimbo yangu kwa ajili ya mbwa?"

Lakini kesho yake niliikuta imeegemezwa nje ya ua, na yeye anaingia mikono mitupu kama mtu aliyesahau suruali. Wageni wakamfuata. Kidogo kidogo Kastamu akaanza kukaa.

Kumbe sote tulisahau jambo moja, na sijui akili zetu zilikuwa wapi. Bibi aliposhuka kwenye gari, alikuwa anatembelea fimbo.

Hiyo nani angemwambia aiache? Kastamu alikuwa nyuma ya zizi. Akasikia sauti ya bibi, akaja mbio, masikio yamelala. Mzee Marwa akapiga kelele, mkewe akajifunika macho kwa kanga. Mimi nilikuwa mbali, nisingewahi. Bibi hakuweza hata kugeuka, alisimama tu na fimbo yake.

Mama, yule mbwa alifunga breki, vumbi likatimka. Akakaa. Mwili wote unatetemeka, mkia unafagia chini, analia, lakini hakunyanyuka.

Bibi akaketishwa kwenye kiti. Akapiga paja lake, akamwita kwa Kikurya kama alivyozoea. Kastamu hakupanda. Alitambaa kwa tumbo, taratibu, akaweka kidevu juu ya mguu wake, akafumba macho. Bibi machozi yakamtoka.

"Nani amemwambia kwamba naumwa?" akauliza.

Kukaa tulimfundisha. Kutambaa vile hatukumfundisha.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi anayeuza maandazi stendi, mwambie nayaota. Dada Neema, asante kwa kusoma, na usiruke mistari.

Nawaza sana habari ya yule mbwa, mama. Alikuwa na furaha kubwa kuliko mwili wake, akaibana yote asimuumize bibi. Mimi siwezi. Siku nitakayoingia hapo uani, shika ukuta kabisa, maana mimi sijafundishwa.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Elisha