Droni Mkobani, Ndege Mpungani

Jumamosi, 5 Aprili

Jioni ya tatu nalinganisha droni. Zimebaki tatu. Ya kwanza ni kubwa, nzito, ya kujionyesha. Nimeikataa. Ya pili ni nyepesi mno. Upepo wa bondeni ungeipeleka Malinyi bila nauli. Nimeikataa. Ya tatu ni ndogo, inakunjika, inaenea mkobani, kamera yake imetulia, na ikipoteza mawasiliano hurudi yenyewe ilikopaa. Hii ndiyo.

Nimempigia muuzaji, Dar es Salaam. Ameisifu kwamba huenda mbali hadi isionekane kabisa. Nimemweleza kwamba kanuni zinamtaka mrushaji asiipoteze machoni, kwa hiyo sifa hiyo, kisheria, ni kasoro. Akauliza: "Bosi, unanunua au unanisomesha?"

Nimenunua. Ananiongezea kitambaa cha droni kupaa na kutua juu yake, cha mviringo, rangi ya chungwa inayoumiza macho. Nimemwambia ni upuuzi. Mtu mwenye akili hutafuta tu mahali pasafi. Amesema ni zawadi.

Lengo langu liko wazi: kuchora ramani za mashamba ya mpunga, bonde zima. Shahada ya jiografia haikusomewa ili ikae kabatini.

Jumanne, 8 Aprili

Kifurushi kimefika Ifakara kwa basi. Betri zimejaa. Sijairusha, na sitairusha. Usajili kwanza, kibali kwanza. Fomu nimezijaza mwenyewe, kwa herufi za kusomeka, na nimeambatanisha barua ya utambulisho ya mtendaji wa kata. Mtendaji aliuliza kama kifaa kinaona ndani ya nyumba za watu. Nilianza kumjibu kwa kina. Aligonga muhuri kabla sijafika nusu.

Mama alikuwa anapepeta mchele uani pamoja na jirani yetu. Ameitazama droni mikononi mwangu, akauliza swali moja tu: "Itafukuza ndege shambani?"

Jibu sahihi lilikuwa "hapana", au angalau "sijui". Nimejibu: "Bila shaka, Mama."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Jirani alikuwa anasikiliza.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nimegombana na watu. Nilikuwa na haki.

Kelvin, mpiga picha za harusi, alirusha droni yake juu ya maandamano ya matawi. Chini sana, watoto wakiinua matawi ili waiguse. Hana usajili wala kibali, alikiri mwenyewe. Nilimwambia hadharani kwamba hairuhusiwi kurusha juu ya umati, na kwamba mapanga manne yanayozunguka juu ya vichwa vya watoto si mchezo. Akaishusha.

Nilitegemea shukrani. Akina mama wa jumuiya wamenuna, kwa sababu video ilikatika kabla hawajafikiwa na wengine walikuwa wameshona vitenge vipya. Mmoja aliniambia: "Baba, kusoma umesoma, ila leo umetuharibia."

Kelvin alikuwa mtulivu. Utulivu wake uliniudhi kuliko matusi. "Sawa, kaka. Siku ukirusha yako bila karatasi, mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kukupiga picha."

Nilimjibu kwamba siku hiyo haipo kwenye kalenda.

Jumatano, 16 Aprili

Balaa.

Mama amewaambia waamiaji wake wa kila msimu wasije kulinda mpunga. "Mwanangu ana mtambo." Wao wamekwisha kwenda kulinda shamba la mtu mwingine. Mpunga wetu wa Idete umeanza kujaza maziwa, hatua ambayo ndege huipenda kuliko zote. Shamba hilo ndilo chakula chetu cha mwaka mzima. Hatuna lingine.

Kibali: bado. Nimepiga simu. Sauti yenye adabu imenieleza kwamba ombi limepokelewa na linafuata zamu yake. Ni kweli. Niliomba wiki iliyopita tu. Hakuna wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho naenda Idete. Nitabeba mkoba wa droni, ili Mama asiulize.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Niko juu ya dungu. Jukwaa lilelile la miti na nyasi katikati ya shamba, ambalo nilipomaliza darasa la saba niliapa kwamba sitalipanda tena. Zana zangu: debe, fimbo, kamba ndefu yenye makopo, na koo. Mkoba wa droni umening'inia kwenye mti wa dungu, umejaa betri, hauna faida.

Nimekuja na kanuni za anga, nimezichapisha zote. Kila nikifika ukurasa wa pili, kona ya mashariki inajaa ndege.

Shamba linalopakana nasi analilinda Salome. Tulisoma pamoja shule ya msingi. Hutumia kombeo, donge la udongo hutua pale anapotaka yeye. Ameuona mkoba.

"Msomi! Mtambo umelala?"

Nilimweleza hatua za maombi, moja baada ya nyingine. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akazungusha kombeo, donge likapita juu ya kichwa changu, na kundi zima likaruka kutoka kwenye mpunga nyuma yangu.

"Endelea," alisema. "Nakusikia."

Namchukia. Ana shabaha nzuri.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Sauti imekwisha. Wali wa sikukuu nimeulia juu ya dungu, umepoa. Ndege hawana Pasaka.

Kibali bado.

Jumamosi, 26 Aprili

Niandike kama ilivyotokea, bila kujipendelea.

Asubuhi walikuja kweleakwelea. Si wale ndege wachache wa kila siku. Wingu. Lilipinda angani kama shuka linalokung'utwa, likashuka kwetu na kwa Salome kwa pamoja. Nilipiga debe hadi fimbo ikavunjika. Ndege hawakugeuza hata shingo.

Nilishuka. Nikafungua mkoba. Nikatandika kile kitambaa cha chungwa kwenye tuta, nikaikunjua droni mikono yake minne, nikaiwasha. Taa ikawa kijani. Kidole kikawa mahali pake.

Hoja zilikuja zenyewe, kwa mpangilio mzuri. Hii ni dharura. Shamba ni letu. Hakuna umati. Kiwanja cha ndege kiko mbali, Ifakara. Kelvin naye yuko Ifakara. Hazikuwa hoja mbaya. Ningempa mwanafunzi alama za juu.

Shida ni kwamba Kelvin naye alikuwa na zake: sikukuu, furaha ya watu, muda mfupi. Kama zangu zinatosha, zake zilitosha. Na mimi nilimwaibisha mbele ya kanisa zima.

Nimezoea kuwashinda watu kwa maneno. Kujishinda mwenyewe ni kazi nyingine kabisa.

Nikaizima. Nikaikunja. Nikalia kidogo, kwa hasira, si kwa huzuni.

Halafu nikakinyakua kile kitambaa kwa mikono miwili na kukimbia nacho juu ya tuta, nikikipunga, bila sauti kwa sababu sauti sina. Wingu likanyanyuka. Lote. Sikuamini. Likatua upande wa pili. Nikakimbia upande wa pili. Salome alikuwa anawakata kwa madongo upande wake, nami nawapokea kwa chungwa upande wangu. Hadi jua la saa sita. Nimeanguka majini mara tatu.

Walipoondoka, Salome alikuwa ameketi kwenye tuta akicheka mpaka anashika mbavu. "Kumbe mtambo ndio huo! Mbona ulikuwa unauficha?"

Nilitaka kumweleza tofauti kati ya kifaa na viambata vyake. Sikuwa na sauti. Bahati yangu.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amekuja na ugali na kambale. Nimemwambia ukweli, kwa mnong'ono, maana koo bado. Droni haijaruka hata mara moja. Sikujua kama inafukuza ndege. Nilidanganya kwa sababu ya kiburi.

"Najua," alisema, akinichagulia minofu.

Nikamuuliza kwa nini basi aliwakataa waamiaji.

"Tangu uvae lile joho la mahafali hujakanyaga shamba. Ulipojisifu mbele ya watu, nikaona hapohapo. Nikiwakataa, utakuja tu."

Nimekula kambale.

Alhamisi, 15 Mei

Kibali kimekuja. Kina jina langu, namba ya droni na masharti. Nimekisoma mara nne, mara ya mwisho kwa raha tu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerusha.

Kwanza nilimwendea Salome kuomba ridhaa yake, kwa kuwa shamba lake lingeonekana pichani. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa ya kumtazama, wengi hutazama tu. Akakubali.

Droni imepaa kutoka kwenye kitambaa, wima, kimya kuliko nilivyotarajia. Sikuiondolea macho. Ndege wachache waliokuwa mpungani waliruka, wakaizunguka, wakarudi kula. Mmoja alitua juu ya dungu na kuitazama pamoja nami. Kama mfukuza ndege, haifai kitu. Naandika hivyo bila kupunguza.

Lakini picha. Nimemwonyesha Mama palepale, chini ya kanga yake ili jua lisizuie kioo. Mpunga wa dhahabu, matuta yamenyooka, njia nyembamba niliyoikanyaga kwa kukimbia ikizunguka shamba lote kama upindo wa nguo. Na kona ya mashariki, doa la kijivu, makapi matupu. Kubwa kiasi cha vyumba viwili.

Mama aliweka kidole juu ya doa.

"Hapa ndipo ulipokuwa unasoma."

Hakukosea hata kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Tumevuna. Magunia yamepungua kidogo kuliko mwaka jana, na kona ninaijua. Chakula kipo.

Kelvin alikuja nyumbani baada ya misa. Niliandaa mambo manne ya kumwambia. Aliamkia, "Shikamoo, Mama," akakaa, akazungusha kofia mikononi, kisha akauliza: "Kaka, zile karatasi unajazaje?" Nilimpa nakala zangu, nikamwonyesha pale ambapo watu hukosea. Yale manne sikuyasema. Alikunywa chai, akaondoka.

Mama ameichapisha picha ya shamba na kuitundika ukutani, karibu na ile ya mahafali. Ya shamba ni kubwa zaidi. Ukiisogelea unaona dungu, duara la chungwa, na watu wawili wadogo kando yake. Mmoja ameinua uso angani. Mwingine ana kombeo begani, anamtazama huyo wa kwanza.

Kitambaa kiko kwa Salome. Alikiazima wiki iliyopita, akasema ni cha kuanikia mpunga. Ni kidogo mno kwa kuanikia mpunga.

Sijakidai.