Njia Iliyonyooshwa

Jumatano, 10 Machi
Jana alfajiri nimepoteza manowari yangu na watu tisa. Bomu la kutega, katikati ya njia tuliyoisafisha wenyewe wiki iliyopita. Katikati kabisa – boya huku, boya kule. Mimi nimebaki na bendeji mkononi na buti moja. Admirali kaja hospitali, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Kasema pole Kamanda, bahari haina adabu. Bahari!

Alhamisi, 11 Machi
Kamati ya uchunguzi imeshakaa. Siku mbili tu; tulipoomba pampu tulisubiri miezi minane. Mkosaji kapatikana: mshika usukani. Eti alisinzia, akatoka nje ya njia. Marehemu habishi, ndiyo raha yake. Nikasema nilisimama nyuma yake, alikuwa macho kuliko mimi. Mwenyekiti akauliza kwa upole kama kichwa nacho kiliumia.

Jumamosi, 13 Machi
Shemeji yangu, fundi wa maboya bandarini, kaja kunipa pole. Chai haishuki. Mke wangu akamwambia, kaka, sema au nenda kwako. Akasema.

Kumbe Jumapili, siku mbili kabla ya mlipuko, waziri alikuja kupiga picha. Maboya yakatolewa, yakapakwa rangi. Wakati wa kuyarudisha, sauti ikatoka kwenye kipaza, roshani ya makao makuu: mbona yamepinda? Yanyoosheni. Walisimama watatu pale juu, kofia za dhahabu tupu.

“Na wewe ukanyoosha?”
“Amri, shemeji.”

Njia ilipinda kwa sababu adui hategi kwa rula. Jozi ya nne ya maboya ilisogezwa mita mia na tisini. Upana wa njia, mia mbili. Pakabaki salama mita kumi, na meli yangu upana wake tisa. Kweli mshika usukani mzembe, angebana kidogo tu.

Picha, nasikia, zimetoka nzuri.

Jumapili, 14 Machi
Mjane wa mshika usukani kaja. Hakulia. Mwanawe kaambiwa shuleni baba yake aliua watu kwa usingizi. Kauliza moja tu: Kamanda, alilala?
Nikasema hapana. Akasema, basi kaseme huko, mimi nilijua.

Jumatatu, 15 Machi
Admirali kaniita. Napewa cheo, na ofisi yenye zulia na dirisha la kutazama bahari – nisiikose. Nikubali tu kwamba kijana alisinzia. Mimi niliyeanza kwa kufagia chumba cha injini! Wenzangu kofia walizaliwa nazo.
Nikauliza, nani aliamuru maboya yanyooshwe? Akanywa maji. Akaulizia mkono wangu. Nikarudia. Akasema tutalitazama.

Mke wangu kanuna. Ukisema, atafungwa kaka yangu, roshani haifungwi. Ni kweli. Lakini kaka mwenyewe yuko sebuleni, kavaa shati la harusi, kasema tunakwenda wote. Mjane naye.

Kamati inakaa tena kesho saa nne. Nimempelekea admirali mjumbe na maneno haya tu: Fundi wa maboya alikuona: wewe ulikuwa mmoja wa wale watatu wa roshani. Nani alishika kipaza? Nataka jina la mtu, si la bahari. Saa tatu na nusu tuko mlangoni kwako.