Barua ya Kuomba Ufunguo

Jumatatu, 22 Agosti 1983

Wewe uliyefungua daftari hili – mama, huenda ni wewe – nakuomba kwa chochote unachokiheshimu, lifunge. Na kama jicho limeshateleza, basi neno lisikutoke mdomoni. Si kwa jirani, si kwa shangazi Maud, si kwa kasisi. Nina miaka ishirini na miwili. Mimi ni karani katika idara ya mipango ya halmashauri ya Thornmead, na kazi hii ikinitoka sitapata nyingine. Nchi nzima watu wanapanga foleni za wasio na kazi. Bwana Garrod, mkuu wangu, hutukumbusha kila wiki.

Leo Bi Sallis amekuja tena. Bi Enid Sallis, miaka sabini na moja, kofia ya sufi hata Agosti. Alifanya kazi katika studio za filamu za hapa mjini tangu 1934 hadi zilipofungwa, miaka minane iliyopita. Alikaa pembeni ya kamera na kuandika kila kitu: kifungo kipi kilikuwa wazi, sigara ilibaki urefu gani, kikombe kilishikwa kwa mkono upi. Ili picha ya leo ilingane na ya jana. Yote kwa hati mkato, kama mimi ninavyoandika barua za Bwana Garrod.

"Sote wawili ni makarani, mwanangu," aliniambia. "Ila mimi nikiona kosa nilikuwa na ruhusa ya kusimamisha kazi."

Anataka Banda la Pili, ukumbi wa studio wa kupigia filamu, liorodheshwe na serikali kama jengo la kihistoria. Likishaorodheshwa, kulivunja ni jinai. Lilijengwa 1929, sinema zilipoanza kusema. Kuta zimefunikwa magodoro ya mwani ili sauti isirudi. Juu ya paa kuna kibanda cha mtu wa bendera – akiona treni ya London inatokea darajani anapunga, na chini wote wanaacha kuigiza mpaka ipite.

Derek wa meza ya pili akasema, kwa sauti ya kusikika, basi tuiorodheshe na treni.

"Wewe ungefaa kuigiza maiti, kijana," Bi Sallis akamjibu. "Tatizo ungechelewa kufa."

Derek akainamia faili zake hadi saa ya chai.

Kiwanja ni cha kampuni ya Brackwell. Wanataka supamaketi na maegesho. Bwana Garrod anasema hayo ndiyo maendeleo, na kwamba bibi yule ana upweke tu, angepata paka.

Jumatano, 24 Agosti

Barua imekuja kutoka London! Mkaguzi wa majengo ya kihistoria, Bwana Lomax, atafika Jumanne tarehe 30 kuliona Banda la Pili, kwa nia ya kuliorodhesha palepale. Anaomba tumtafutie ufunguo. Juu ya barua, kwa wino mwekundu: SIRI.

Furaha yangu haikumaliza saa moja. Bwana Garrod aliniita na penseli. Barua kwa Brackwell, wenye ufunguo. Akaanza kunisomea niandike: nani anakuja, siku gani – na kwa nini anakuja.

Penseli ikasimama. Nikauliza, kwa sauti ndogo sana, kama ni lazima tuwaambie sababu. Tungeweza kusema ni ukaguzi wa paa.

"Bi Ockenden, watu wastaarabu hawaingii kwa mtu bila kubisha hodi."

Nikasema – sijui nilipata wapi ujasiri – kwamba halmashauri inaweza kutoa ilani ya dharura. Inalinda jengo miezi sita, inaanza kazi siku hiyohiyo. Kisha ndipo tubishe hodi.

"Ilani? Tuwatukane watu wanaotujengea mji, kwa ajili ya kibanda kilichojaa mwani? Hapana. Andika, tafadhali."

Niliandika. Huwa naandika kila neno lake, hata anapokohoa, kwa sababu kesho yake hukana. Saa tisa aliondoka kwenda Devon na mkewe, likizo ndefu hadi Jumanne. Barua niliipiga chapa mwenyewe, nikatia sahihi mwenyewe: kwa niaba ya R. Garrod. Kama siku zote. Nikaipeleka posta kabla ya gari la jioni.

Alhamisi, 25 Agosti

Katibu wa Brackwell amepiga simu. Sauti ya asali. Wamepata barua, wanashukuru sana, ufunguo utakuwa tayari Jumanne. Akauliza: Jumatatu ni sikukuu, ofisi yenu itafungwa, au sivyo? Nikasema itafungwa. Nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kesho tunafunga saa kumi na moja na tutafungua Jumanne saa tatu.

Mpaka saa nimewapa.

Ijumaa, 26 Agosti

Lori limepita mtaa wa stesheni limebeba tingatinga. Derek kasema ni la barabara. Labda ni la barabara.

Jumamosi, 27 Agosti

Halikuwa la barabara.

Bi Sallis aligonga kwetu saa mbili asubuhi. Alinishika mkono wa sweta akanivuta. Tulipofika, ukuta wa kusini wa Banda la Pili ulikuwa umeshalala. Mpira wa chuma ulikuwa ukienda na kurudi kwenye mnyororo wake, taratibu, kama wana siku tatu nzima za kutumia. Wanazo. Mwani ulikuwa unaruka hewani, mweusi, umekauka, unanuka pwani maili sitini kutoka baharini.

Polisi walikuja wawili. Mali ni ya Brackwell, wakasema, hakuna sheria iliyovunjwa. Leteni karatasi ya halmashauri.

Karatasi! Nilikimbia kwenye kibanda cha simu. Ofisini kwetu simu ililia katika jengo tupu. Nyumbani kwa Bwana Garrod ililia. London ililia. Uingereza yote ilikuwa imekwenda ufukweni na viti vya kukunja. Hawa watu wanaijua kalenda yetu kuliko sisi. Hawavunji sheria hata moja, wanasubiri tu sheria iende likizo.

Niliporudi Bi Sallis alikuwa amesimama mbele ya tingatinga na mkoba wake. Mzee mzima mwenye tumbo, msimamizi wao, amevua kofia anambembeleza.

"Mama, toka hapo, utaniua kwa mshtuko wa moyo. Mimi nimeambiwa liishe kabla ya Jumanne asubuhi. Kwa nini Jumanne, sijui, usiniulize."

"Jumanne," Bi Sallis akarudia. Hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. "Mkaguzi aliniambia mimi na ofisi yenu tu. Mimi sikumwambia hata daktari wangu."

Nilisema nahisi kizunguzungu. Nikaenda nyumbani. Nimeandika sentensi hiyo na ninaichukia.

Jumatatu, 29 Agosti

Limekwisha. Kibanda cha mtu wa bendera walikiangusha mwisho.

Mama kapika nyama ya kondoo na mchuzi wa mnanaa. Sikumeza. Anasema lazima kuna mvulana moyoni.

Jumanne, 30 Agosti

Bwana Lomax alishuka treni ya saa nne. Mtu mwembamba, koti la mvua, kamera shingoni. Nilimfikisha mimi, kwa sababu Bwana Garrod alikuwa "anakusanya faili". Alisimama mbele ya matofali dakika nzima. Kisha akainama, akaokota kipande cha mwani, akakitia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Nilitamani apige kelele. Watu wa nchi hii tukiporwa huomba radhi kwa kusimama njiani.

"Nani aliwaandikia?" akauliza. Kwa upole.

Ofisini Bwana Garrod alijibu swali hilo, uso umebabuka kwa jua la Devon, mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Barua ilitumwa na karani mdogo, bila idhini. Msichana mzuri, ana bidii iliyopita kiasi. Akamwonyesha nakala ya kaboni. Sahihi yangu. Mwandiko wangu mzuri wa shule, uliomfanya mwalimu anipe zawadi.

Bwana Garrod aliniangalia kwa huruma – huruma, yeye – na mimi nikatazama zulia.

Bado Banda la Kwanza lipo. Dogo zaidi, la zamani zaidi, paa la vioo, la enzi za sinema bubu. Tingatinga zinarudi Jumamosi hii. Bwana Lomax aliomba ilani itolewe leo. Bwana Garrod akasema ni suala la kamati ya Ijumaa, na yeye ataishauri isitoe: Brackwell ni watu wema, yaliyotokea ni kosa la bahati mbaya la karani, tusiwaadhibu.

Nikimsindikiza stesheni, Bwana Lomax alisema kama anaongea na reli: "Ningepata maandishi kwamba mkuu wa idara aliikataa ilani huku akijua, waziri angetia sahihi ya kuliorodhesha Banda la Kwanza siku hiyohiyo. Ila watu hawaandiki mambo kama hayo."

Mimi niliandika. Ukurasa wa kumi na nne wa daftari langu la hati mkato. Swali langu, na jibu lake, na "kibanda kilichojaa mwani".

Jioni nilikwenda kwa Bi Sallis nikamwambia yote. Sikuketi. Alinisikiliza huku birika likipiga mluzi na hakuna aliyelizima.

"Hata saa ya kufungua uliwapa?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kulia.

"Acha. Nimefanya kazi na waigizaji miaka arobaini, machozi ya Saa Nne Asubuhi na ya Baada ya Chakula nayajua yote. Daftari liko wapi?"

"Nyumbani."

"Lete nisome."

Nikamwambia nikilitoa sina kazi. Nikamwambia mama ana shinikizo la damu na baba yangu alikufa bila pensheni. Akazima birika.

"Mwaka thelathini na tisa mkuu wa studio alitaka nifute mstari kwenye ripoti yangu. Mtu alikuwa ameanguka darini, wakataka ionekane alikuwa amelewa. Nilifuta." Akamimina chai ya mtu mmoja. "Mkewe bado namwona sokoni. Nenda nyumbani, Janine. Sitakulazimisha. Lakini usije kwangu kutafuta mtu wa kukwambia si kosa lako."

Nilimkasirikia njia nzima. Nilipofika mlangoni nilikuwa sijui tena ninamkasirikia nani.

Jumatano, 31 Agosti

Bwana Garrod aliniita, akafunga mlango, akanipa biskuti. Sitafukuzwa, anasema. Niandike maelezo mafupi kwamba barua niliibuni mwenyewe, naye atanitetea mbele ya kamati. "Utakuja kucheka siku moja." Na nimkabidhi madaftari yote ya hati mkato ya mwaka huu, kuna utaratibu mpya wa kuyateketeza. Utaratibu ulioanza leo asubuhi!

Nilimpelekea manne.

"La Agosti?"

"Nimelisahau nyumbani, bwana."

"Kesho saa tatu. Juu ya meza yangu. Pamoja na maelezo." Akatabasamu. "Kula biskuti yako."

Niliila. Hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko yote, nilikula.

Halikuwa nyumbani. Lilikuwa kwenye mkoba wangu, kati ya leso na sandwichi. Saa ya chakula nilitoka nalo. Jumatano maduka hufunga saa saba, niliwahi la fundi viatu zikibaki dakika kumi. Barua kwa Bi Sallis naiandika hapa kwanza, nitainakili safi, na kuipitisha chini ya mlango wake kesho nikienda kazini.

Bi Sallis, shikamoo.

Usipige simu ofisini. Derek husikiliza. Usipige nyumbani, mama atauliza.

Kesho Alhamisi, saa saba kasorobo mchana, nitakuwa katika kibanda cha simu nje ya posta. Namba ni Thornmead 4471. Nipigie uniambie kama utanifanyia niliyoandika hapa chini. Acha ilie mara tatu, kata, piga tena. Nikisema "umekosea namba", kuna mtu karibu. Subiri robo saa, piga tena. Nikishindwa kutoka ofisini haitapokelewa kabisa. Usinisubiri basi. Usije kuniulizia.

Nenda kwa fundi viatu Pargeter, mtaa wa stesheni, na risiti niliyoibana hapa chini. Nimeandikisha jina lako. Viatu ni vyangu, vyeusi, vya kamba. Daftari liko ndani ya mfuko wa viatu, chini kabisa, limefungwa kwa gazeti. Ukurasa wa kumi na nne. Hati yangu ni ile ya shule, utaisoma bila taabu. Treni ya London ni saa tisa na dakika tano. Mpelekee Bwana Lomax, yuko ofisini kwake hadi saa kumi na moja na nusu.

Ukisikia Ijumaa kwamba nimesimama mbele ya kamati nikasema Bwana Garrod hakuwahi kunisomea barua yoyote, usinihurumie wala usirudi nyuma. Huenda nikasema hivyo. Najijua. Ndiyo maana nakupa risiti leo, kabla hawajaniuliza.

Fundi Pargeter ni kiziwi kidogo na hapendi haraka. Atakwambia visigino havijawa tayari. Mwambie unavichukua hivyohivyo.