Mlio Mrefu Mmoja, Mifupi Miwili

Malaba, Jumatano
Agosti 1977

Kwa Papa mpendwa, Mzee Emuron, Angurai.

Yoga noi, Papa. Nakusalimu sana, wewe na Mama Zilpa na yule ng'ombe wa kichwa cheupe. Mguu wako uliokuwa umevimba umepona? Nauliza mguu kwa nguvu kwa sababu nitauhitaji hapo mbele. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndiyo sijui. Dada Roselyn, najua ni wewe unamsomea Papa: tafadhali funga mlango kwanza, na usisome na ile sauti yako ya kanisani.

Papa, unakumbuka nilipokuja Pasaka ulinipeleka nyuma ya nyumba ya mashine. Ukaniambia ile ofisi ya Kisumu iliyokukopesha mashine ya kusaga ilitaka namba ya simu, na wewe simu huna, ukawapa ya hii lojing'i ya madereva ninapofanya kazi. Ukasema tangu mambo ya mpaka yaharibike watu wa upande wa Uganda hawavuki tena na mahindi yao, mashine inalala tu kama mgonjwa, na cha kupeleka Kisumu hakuna. Ukasema wakipiga nisishike. Nikasema ndiyo Papa. Nilifikiri ni kitu kidogo.

Lakini wewe hujaona hii simu. Waya ni mmoja na tuko watatu juu yake: sisi, ofisi ya wakala wa forodha kule karibu na reli, na duka la spea. Ikilia inalia kote. Mwenyewe unajijua kwa mlio. Wa wakala ni mifupi mitatu, wa duka ni mirefu miwili, wetu ni mrefu mmoja, mifupi miwili. Kwa hivyo kila mtu anajua nani anatafutwa, na mwenye kutaka anainua yake pole pole anasikiliza. Hapa hatuiti hiyo tabia mbaya. Ndiyo gazeti letu.

Sasa Papa, mlio wa deni na mlio wa kazi ni ule ule! Wenye malori wanapiga kutoka Mombasa na Nairobi kuuliza dereva wao amefika, ama amelala, ama amelewa. Mama Perez mwenye lojing'i aliniandika kazi kwa sababu ya simu, vile nilijifunza mwenyewe kuongea kwa simu, kwa kitabu kimoja nilichookota bila jalada. Ikilia na mimi nimekaa, ananiuliza kama masikio yangu Mungu aliyaweka ya kushikia kofia. Wekesa, karani wa wakala, anatoka mlangoni kwake anapiga kelele kupita ngurumo ya malori, we Okedi, yenu inalia, ama umeolewa siku hizi huruhusiwi kuongea na wanaume? Mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, wanaanguka kwa kicheko. Nikishika nimekukosea wewe. Nisiposhika nimemkosea anayenilisha. Nilijaribu kukimbilia choo. Nilijaribu kushika na kunyamaza. Siku moja nilishika na sauti ya mwanamke, na yule mtu akaniambia Okedi, wacha mchezo kijana yangu, natafuta mzee wako.

Huyo mtu ni Makokha. Unamjua, ndiye alikuja na mashine kwa lori, ukampa mrija wako mwenyewe akanywa pombe ya ajon na wewe mpaka akashindwa kupanda gari. Shida yangu ni kwamba hana matusi. Angenitukana ningemkatia simu nifurahi. Anauliza mvua kwanza. Anauliza Mama. Halafu ndiyo anauliza, mzee atakuja lini kuongea na mimi. Nilimwambia uko shamba. Akapiga tena, nikasema umeenda matanga Amukura. Akapiga tena, nikasema umelazwa hospitali ya Alupe. Nilikuwa naona kama napanda ngazi, na kila nikipanda, mtu anaondoa ile ya chini.

Jumatatu Mama Perez alikuwa amekaa karibu na mimi anamenya ndizi, simu ikalia. Sikuwa na choo cha kukimbilia. Nikashika. Makokha akasema alimtuma mtu wake Alupe akuone, akupelekee machungwa, na hakuna mgonjwa wa jina lako. Papa, hapo mdomo wangu ulikimbia mimi nikabaki nyuma. Nikasema hakukuona kwa sababu umekufa.

Dada Roselyn, mpe Papa maji.

Makokha akaita jina lako pole pole, Emuron, Emuron, kama mtu anayebisha hodi. Na kabla sijaweka simu chini, Wekesa alikuwa ameshafika mlangoni kwetu, kofia mkononi. Alikuwa anasikiliza! Mama Perez akaacha ndizi zake akanishika kichwa. Akanipikia chai ya sukari nyingi, yule mama ambaye sukari anaificha chini ya godoro. Beseni ikapitishwa kwa foleni ya malori, na madereva ambao hawajawahi kukuona wakatia pesa. Dereva mmoja wa Mombasa akatoa turubali yake, eti waombolezaji wasinyeshewe. Mataniboi, hao hao wa kunicheka, walikuja wakakaa na mimi kimya. Na mimi nililia, Papa. Nililia kweli kweli. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Jana Makokha akapiga tena. Anakuja mazishi Jumamosi. Unajua desturi, kwetu na kwao ni karibu moja: mtu akishazikwa, watu kabla hawajatawanyika, inaulizwa nani anamdai marehemu, na mtoto wake anasimama mbele ya wazee anasema hilo ni langu. Mahali hapo hakuna wa kukimbia. Makokha akasema hatakuja na karatasi ya ofisi, atakuja kama mtu. Akaniuliza ni mtoto gani atasimama.

Halafu akasema neno ambalo limeniharibia hata chakula. Akasema siku zote hizo hakuwa anapiga kukufukuzia deni. Ofisi ilikuwa imekubali kusukuma deni mpaka baada ya mavuno. Walitaka tu mdomo wako mwenyewe useme ndiyo. Akasema, mzee alininyamazia mpaka akafa, sijui nilimkosea wapi.

Papa, nikasema ni mimi nitasimama. Nilisema kwa sauti, na pumzi ya Wekesa naisikia kwa waya. Kwa hivyo sasa mashine ni deni langu, na wewe unakula ugali. Mtoto anaweza kurithi mtu ambaye anakula ugali? Waulize wazee. Hapana, usiwaulize.

Ngoja. Inalia. Mrefu mmoja, mifupi miwili.

Nimerudi, Papa. Nimeshika. Nimeogopa nikingoja salamu mdomo utakimbia tena, kwa hivyo nikapiga kelele mara moja kwamba Mzee Emuron hajafa, nilidanganya, yuko Angurai, na kulipa baada ya mavuno anakubali. Sauti ya mama mmoja ikasema amefurahi sana kusikia, lakini yeye anapiga kutoka Mariakani, anamtafuta bwana yake wa lori la buluu. Halafu nikasikia kwa waya simu moja inawekwa chini, ko! Na ya pili, ko!

Sasa Malaba yote inajua uko hai isipokuwa Makokha. Namwona Wekesa kwa dirisha anakuja katikati ya malori, na safari hii kofia iko kichwani. Pesa ya beseni bado iko, nitawarudishia moja moja wakiniangalia usoni. Turubali itarudi. Mama Perez amesema sukari haiwezi kurudi, nitailipa kwa kusugua masufuria mpaka aone uso wake ndani.

Nimemwomba yule dada wa eksichenji, anayeunganisha simu, anipatie Kisumu Ijumaa asubuhi. Nitapiga mimi. Makokha asinunue blanketi la kukufunika. Lakini hiyo ya mavuno inataka mdomo wako, Papa, wangu umeshajulikana. Ndiyo maana niliuliza mguu. Njoo Ijumaa. Vaa ile kofia yako ya manyoya. Pita kwa foleni ya malori taratibu, salimia watu, wakikugusa uwaache wakuguse. Halafu utakaa kwa kiti changu, mimi nitazungusha mkono wa simu, wewe utaongea. Usiogope ukisikia wengine wanapumua.

Usipokuja, Jumamosi nitasimama vile niliahidi, na wewe tafuta mahali pa kukaa kati ya waombolezaji.

Msalimie Mama, mwambie asilie, hakuna msiba. Wasalimie wa kanisani, lakini usiwaambie kitu.

Ni mimi mtoto wako, mrithi wako aliyewahi kidogo,
Zephaniah Okedi

Dada Roselyn, sasa fungua mlango.