Mgongo wa Malaika

Strasbourg, 6 Machi 2017

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nyonga inaendeleaje? Na ng'ombe je, wamemaliza baridi salama?

Baba, umeshinda. Kila Krismasi unaniomba nirudi nyumbani milimani nami nakupiga chenga. Lakini tangu uteleze kwenye barafu silali vizuri, nikijua unakamua ng'ombe ishirini na wawili peke yako. Namaliza malaika wangu wa kanisa kuu, kisha mwisho wa Aprili narudisha patasi karakanani. Miaka kumi na moja ya kuchonga mawe inatosha. Nijibu upesi.

Binti yako,
Clotilde

Strasbourg, 3 Aprili 2017

Baba,

Shikamoo tena. Mwezi mzima kimya! Umeninunia? Msimamizi anataka neno la mwisho, maana nafasi hii nikiiachia siipati tena. Nimempigia jirani yako Mama Thiriet, akasema u mzima, akacheka, akakata simu. Kuna nini huko?

Clotilde wako

Nyumbani, 22 Aprili 2017

Clotilde mwanangu,

Marahaba. Nyonga inalalamika asubuhi tu. Ng'ombe wazima.

Sikununa. Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia: nilitaka kwanza nione unachokiacha. Basi Alhamisi nikapanda basi la wazee wa kijiji, mtalii kamili, jibini langu mfukoni, basi zima likinilaani kwa harufu. Mama Thiriet alinikamulia. Ni mara ya kwanza kukosa kukamua kwa miaka arobaini na moja.

Tulikata kona, na kanisa likatokea mwisho wa kichochoro, jekundu hafifu, linapanda tu. Miguu ikagoma. Rafiki yangu Lucien akasema, "Vipi mzee, umeona mzimu?" Shingo iliniuma kwa kutazama juu na bado sikuuona mwisho wake. Binti aliyetutembeza alisema lilijengwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Yaani watu walianza kazi wakijua hawataiona ikiisha! Nami nilikuwa nakasirika kwamba wewe hukai nyumbani kukamua. Niliona haya, mwanangu.

Nikapanda mnara. Ngazi mia tatu na zaidi, nilipumzika mara nane. Huko juu nikakuona kwenye jukwaa la mafundi. Malaika alikuwa bado hajaegemezwa ukutani, ambako mgongo wake utafichika, nawe unamchonga nywele za kisogoni, taratibu, unywele kwa unywele, ukashuka hadi mgongoni.

Mtalii mmoja akacheka, "Anapoteza muda. Huko nyuma nani ataona?"

Nikamwambia, "Mimi nimeona. Yule ni binti yangu."

Nikalia mbele ya watu, na sijutii. Sikukuita. Mtu akiwa anakamua haitwi.

Usirudishe patasi. Nilikosea kukuomba, nisamehe. Ng'ombe nimewapa wana wa Mama Thiriet, wanakuja kuwachukua Jumanne, tarehe mbili Mei. Usije kuwaaga, una kazi. Ila kuanzia Jumatano hakuna wa kunisubiri asubuhi, kwa hiyo nitapanda basi nije tena. Safari hii unishike mkono kwenye zile ngazi.

Baba yako