Figo Niliyokupa, Dawa Ulizokataa Kupunguza

Ndugu yangu Ombati,

Mvua imerudi Ekerenyo, majani ya chai yamejaa shambani kwako na hakuna wa kuyachuma. Duka lako la kinyozi limekodishwa. Sasa wanauza simu humo. Mke wako Kerubo hanisalimii. Tukikutana njiani anageukia upande mwingine kana kwamba kuna kitu cha kutazama kule.

Anasema ningekataa kukupa figo, ungekuwa bado unaenda kusafishwa damu kwa mashine, umechoka, lakini hai. Siku ya mazishi nilimsikia shangazi akinong'ona, "Figo ya mwanamke ilimshinda."

Lakini wewe unajua haikukushinda. Ilichelewa tu kuanza kazi. Baada ya upasuaji ililala wiki kadhaa, ukarudishwa kwenye mashine, nami huku kwangu Masimba nikiomba iamke. Daktari alitueleza kwamba zile dawa ulizopewa zinaunyamazisha ulinzi wa mwili wako usiishambulie figo ngeni, ila zikizidi zinaichosha figo yenyewe. Wakawa wanapima damu, wanaongeza, wanapunguza, wanapima tena. Asubuhi mkojo ulipotoka vizuri ulinipigia simu ukipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Hata hivyo dawa zilikutesa. Uso ukavimba, mikono ikatetemeka. Mteja mmoja aliinuka kitini nusu ya kichwa imenyolewa, akasema ataenda kumalizia kwingine. Ulinisimulia ukicheka, kisha ukasema, "Afadhali nitetemeke, bora niko na figo ya Moraa."

Ningejua maneno hayo yanakupeleka wapi, nisingecheka nawe.

Kikaja kikohozi. Mapafu yameshambuliwa, wakasema, na mwili hauna nguvu ya kujitetea. Walikulaza, ukapata nafuu kidogo, wakakuruhusu nyumbani na agizo: dawa moja ya figo uiache kabisa, nyingine uipunguze, mpaka mapafu yapone. Daktari hakuficha. Figo inaweza kupotea, alisema, lakini mashine ipo. Ukaitikia kwa kichwa.

Wiki hiyohiyo Kerubo akanipigia simu. "Anazimeza zote kama zamani. Njoo uongee naye, mimi hanisikii."

Nilikukuta umeketi mlangoni umejifunika blanketi, na jua linawaka.

"Ombati, daktari alisema nini?"

"Nikiziacha, figo yako itakufa."

"Wacha ife! Nilikupa ili uishi."

"Ulipasuliwa kwa ajili yangu, Moraa. Ikifa, nitakuangalia na uso gani?"

Nilikupigia magoti pale uani, kwenye matope, watoto wako wakitazama. Ukaniahidi utapunguza. Ndugu yangu, uliniahidi, kisha ukaendelea kuzimeza zote.

Siku ya mwisho hospitalini, muuguzi aliumwaga mfuko wa mkojo, akanigeukia kwa upole, "Figo inafanya kazi vizuri sana." Wewe hapo pumzi haiingii. Ulikuwa unapumua kwa mashine, hukupata hata neno la kuniaga.

Nakukasirikia. Nikioga, mkono ukipita kwenye kovu ubavuni, nakukasirikia upya. Nani alikuambia kwamba ilikuwa bado yangu? Siku ile ya upasuaji niliiacha iende. Ilikuwa yako, ya kuishi nayo au ya kuipoteza, na mimi nisingekuuliza iko wapi hata siku moja.

Kerubo hajui ulichoniambia mlangoni. Naona anadhani ulikuwa umechoka nao, yeye na watoto, ukaamua kuondoka. Jumapili nitabeba kikapu niende kuchuma chai pamoja naye, mstari mmoja, na nitamweleza. Labda atanichukia zaidi. Lakini atajua hukuwakimbia.

Kwaheri, Ombati. Pumzika sasa. Nakuahidi nitakaa karibu na Kerubo, hata akinifukuza.

Dada yako,
Moraa