Nyuzi Mbili za Ba

Magogoni, Kisauni,
Mombasa.
2 Juni 1946

Mpendwa ndugu yangu Devshi,

Salamu nyingi zikufikie huko Bukoba, na baada ya salamu nakuuliza hali. U mzima? Kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa Februari kimekwisha? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu Mohdhar hajambo, watoto hawajambo, na mama yako Ba anakula na analala, ila magoti ndiyo yanayomsumbua mvua ikinyesha. Naandika kwa herufi hizi hizi ulizonifundisha wewe mwenyewe juu ya magunia ya mchele, dukani kwa marehemu baba yako, kwa hiyo ukiziona zimepinda ujue fundi ni nani.

Nimeanza na salamu kwa sababu marehemu mama yangu Mwanaima alitulea hivyo sote wawili. Lau si yeye ningeanza na ugomvi. Nimekukasirikia, Devshi, na kwa kuwa nimekuzidi siku arobaini na tumenyonya ziwa moja, nina haki ya kukwambia.

Barua yako iliingia Ijumaa. Mistari sita. Unasema hutakuja kumpeleka mama yako kuhiji kwenye pango la Amarnathi kwa sababu Julai ni msimu wa kahawa, na kwamba hata kama si kahawa, huoni maana ya mtu mwenye akili zake kuvuka bahari na kupanda mlima kwenda kutazama barafu. Hata neno la kumuomba radhi hukuweka.

Ba hajui kusoma, basi husoma mimi. Mungu anisamehe, nilimsomea mistari usiyoiandika. Nilisema unauliza kama amekwisha kuchanjwa, na kwamba utashuka kwa gari la moshi tarehe ishirini na tano. Alitikisa kichwa tu, akaenda kupepeta dengu zake.

Hivi wajua nimevuka daraja la Nyali mara ngapi kwa safari hii? Mwaka juzi tuliambiwa kuna vita, hakuna meli ya abiria. Mwaka jana vita vikaisha, nafasi zikawa za askari wanaorudi kwao. Mwaka huu nafasi zimepatikana, karani akataka picha. Tukapeleka picha, akasema Ba amefunika paji la uso. Tukapiga nyingine. Kisha ikatakiwa karatasi ya sindano ya homa ya manjano, bila hiyo mtu hashuki Bombay. Ba, ambaye wewe wajua hakubali hata kushikwa mkono na daktari, aliutoa mkono wake akatazama ukutani. Kila karatasi ilipotoka nilifurahi kama mtoto, na kila mara ikatakiwa nyingine. Sasa zote ziko tayari. Meli itang'oa nanga tarehe sita Julai, na nafasi ni mbili, moja ya Jamna, yaani Ba, na moja ya Devshi.

Wala usiseme tutangoja meli nyingine. Wayajua haya vizuri kuliko mimi: ile nguzo ya barafu wanayoiabudu pangoni hukua na mwezi na kupungua na mwezi, na mahujaji wao hutakiwa wawe pale siku mwezi unapopevuka katika mwezi wao wa Shravani, ambao mwaka huu ni katikati ya Agosti. Kutoka Bombay kuna siku kadhaa za treni, halafu motokaa, halafu siku nne za kupanda. Atakayechelewa, basi mpaka mwaka mwingine. Na magoti ya Ba hayana mwaka mwingine, nakwambia kweli.

Laiti ungemwona anavyojitayarisha. Kila asubuhi huvua viatu akatembea mpaka Mtopanga na kurudi, kibaba cha mchele kichwani ili azoee kupanda na mzigo, ingawa njia yote ni tambarare kama mkeka. Wiki iliyopita akamuuliza Mohdhar barafu ikoje mguuni. Mohdhar, wajua ana biashara ya samaki, akaleta pande zima kutoka kisiwani, limefungwa gunia na unga wa mbao. Akalitua uani. Ba akapanda juu yake miguu mitupu, ameshika bega langu, anahesabu kwa Kigujarati. Jumwa jirani alikuja kuomba moto akasahau alichokijia. Ba alifika hesabu ya mia na ishirini, akashuka, nyayo zimekuwa nyeupe, akasema hiyo ni kidogo. Kabla ya adhuhuri barafu yote ilikuwa maji na kuku wanayanywa.

Nilicheka siku ile. Ilipokuja barua yako nikalikumbuka pande lile nikalia kwa hasira.

Wewe umekula nazi maisha yako yote. Ulikuwa ukikwangua sufuria ya wali wa nazi kwa mama yangu mpaka tunapigania ukoko. Ba hajatia nazi kinywani tangu mwaka tulioumwa ndui, miaka ishirini na mitano hii, katika pwani ambayo hata mchicha hupikwa kwa tui. Wali wake ni wa maji na chumvi. Yule sadhu, mtawa wa Kihindu aliyelala barazani kwenu, alimwambia habari za pango, naye akaweka nadhiri: mtoto akipona, hatakula nazi mpaka amfikishe huko. Ulipona. Na leo unamwandikia habari za kahawa.

Hayo ndiyo niliyokusudia kukwambia, na barua ingeishia hapo. Lakini jana lilitokea jambo, nami mpaka sasa sijui niliweke wapi.

Ba aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Akasema, "Barke, Devshi haji." Nikaanza kukana. Akaniambia nisijichoshe, kwamba nikisoma kilichoandikwa husoma polepole na kusitasita, na Ijumaa nilisoma mbio bila kukwama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akatoa kile kikopo cha majani ya chai kinachokaa chini ya picha za miungu yake. Ndani mna nyuzi mbili nyekundu, zimefifia, kila moja ina fundo la nadhiri, la kufunguliwa siku itakapotimizwa. Nilidhani zote ni zako. Akaniuliza kama nakumbuka chumba kile cha ndui. Nikasema nakumbuka kitanda kimoja tu, wewe upande huu na mimi upande huu, mama yangu na yeye wakipokezana kutupepea. Akasema, "Basi. Niliomba watoto wawili. Sikuomba mmoja."

Mama yangu hakuambiwa kamwe. Ba alihofu ataona ameingiliwa dini yake, na hawa wawili walipendana mno kutiana majaribuni. Akakaa kimya na nyuzi zake miaka yote. Kumbe kila niliposimama jikoni kwake nikimhurumia kwa wali ule mkavu, nikikulaumu wewe moyoni, nusu ya wali ule ilikuwa yangu mimi. Nimejishika mashavu haya yenye makovu.

Hakuniomba kitu, wallahi. Alirudisha nyuzi kikoponi akasema atakwenda peke yake. Na magoti yale.

Nilikwenda kwa mjomba Khatibu kumuuliza kama naweza kufuatana na Ba, kwa kuwa yeye ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni na ndiye ninayemwogopa. Alikunja mkeka wake kwanza. Kisha akasema kusujudu huko sina ruhusa, lakini kumshika mkono mwanamke mzee njiani hakuna aliyenikataza. Mohdhar naye alinuna tangu jana mchana. Leo asubuhi akauliza wabeba machela na wenye farasi wa mlima ule ni watu gani. Ba akamwambia ni Waislamu, tena wa kuswali. Mohdhar akavaa kofia yake. Alipotoka nikaiona fomu ya pasi yangu mezani, ametia sahihi mahali pa mume.

Ramadhani itaniingilia huko safarini. Nitalipa siku zangu nikirudi. Nitafika mlangoni mwa pango, nisimame nje na wenye farasi, Ba aingie ndani.

Basi sikiliza. Karani asema jina laweza kubadilishwa mpaka tarehe ishirini ya mwezi huu. Simu yako ya maandishi ikifika kabla ya hapo, nafasi ni yako, nami nitawasindikiza mpaka gatini na kurudi kulea wanangu, na uzi wangu ataufungua Ba. Isipofika, nitatoa mkono wangu kwa sindano, na palipoandikwa Devshi pataandikwa Barke. Wako nitaufungua mimi. Nilimuuliza Ba kama yafaa fundo la mtu kufunguliwa na mwingine, akaniambia maziwa tuliyonywa ni yale yale.

Mjomba Khatibu akusalimu. Mohdhar akusalimu, ingawa alisema hivyo akiwa amegeuka. Jumwa auliza utaoa lini. Nisalimie mpishi wako Mwarandu, mwambie dada yake Kache amejifungua salama, mtoto wa kike.

Ba naye akusalimu sana. Hana hasira, hilo ndilo linalonichoma. Ameangua nazi moja ya mnazi wetu wa uani, ameitikisa sikioni, ameitia sandukuni katikati ya soksi za sufu. Ataivunja huko huko akitoka pangoni. Nilimwambia itatutosha wawili. Akasema itakatwa vipande vitatu, na kipande cha tatu nikufungie nikuletee.

Mungu akulinde na akulainishe moyo.

Ni mimi nikupendaye hata leo,
dada yako wa ziwa,
Barke